Sitatubu kwa Kufyeka Kaburi

Jumatatu, Agosti 2008. Machakos mjini.

Baridi ya leo inauma mpaka kwenye meno. Mawingu yamevikalia vilima tangu alfajiri na jua halijajisumbua hata kutuchungulia. Mimi, hata hivyo, bado nachemka.

Jana Baba Mkubwa alinisimamisha mbele ya kanisa zima ati nitubu.

Kwa asiyenijua: mimi ni Mwikali, mzaliwa wa Kalama, na huu ni mwaka wa pili nikiishi Tainan, mji wa kusini mwa Taiwan, pamoja na mume wangu Wei. Tulikutana Athi River alipoletwa kurekebisha mashine za kushona katika kiwanda nilikokuwa karani. Tulifunga ndoa kwa DC, mkuu wa wilaya, tukaondoka. Sasa tumerudi likizo kumalizia kilichobaki: ntheo, wale mbuzi ambao mwanamume huwaleta kwa kina msichana. Kwetu Wakamba, bila mbuzi hao wewe si mke wa mtu. Tumepanga Jumamosi hii. Na kwa kuwa baba yangu alifariki, wa kuwapokea ni kaka yake, Baba Mkubwa, ambaye pia ni mzee wa kanisa.

Shida ilianzia hapa hapa kwenye blogu. Mwezi wa nne niliweka picha. Binamu yangu akaiona, akamsimulia babake, Baba Mkubwa. Pichani ni mimi, mundu mkononi, makaburini.

Acha nieleze.

Maisha ya kule hayakunipokea kwa vigelegele. Wiki ya kwanza nilisikia muziki mtamu barabarani, nikadhani ni muuza aiskrimu, nikatoka mbio na kikombe. Lilikuwa lori la taka. Majirani walisimama na mifuko yao ya uchafu wakinitazama. Lugha nayo, ukipandisha sauti mahali pa kushusha, umemtukana mtu. Sokoni wanawake walikuwa wakinishika nywele bila kuniuliza. Nikaanza kuwashika zao.

Waliacha.

Mama mkwe alinichukua kama mvua iliyokuja siku ya kuanika mahindi. Hakunifukuza, lakini hakunisemesha pia.

Sasa, kule kuna siku ambayo familia huenda kusafisha makaburi ya wazee wao. Hufyeka nyasi, huandaa vyakula, huwasha udi na kuinama mbele ya kaburi. Nilimwambia Wei mapema: nitakuja, lakini sishiki udi wala siinami. Ninaye Mungu wangu, na ndiye ninayemwomba. Alipomweleza mama yake, yule mama aliuliza kwa sauti, mbele ya ukoo mzima pale kilimani, "Sasa huyu amekuja kufanya nini?"

Nilielewa kila neno.

Nikachukua mundu mkononi mwa shemeji yangu. Kaburi la nyanyake Wei lilikuwa limemezwa na nyasi. Mimi ni msichana wa Kalama, bwana, nyasi zitaniambia nini? Nilifyeka mpaka jina la marehemu likaonekana kwenye jiwe. Wao walipoinama, nilisimama pembeni, malengelenge mikononi. Hakuna aliyenisifu. Ila tulipokaa kula, mama mkwe alikata pera, akanipa nusu, akanisogezea nafasi kando yake. "Kula," akasema. Tangu siku hiyo hunisemesha. Hunigombeza pia, sawasawa na anavyowagombeza wanawe. Nimeridhika.

Dhambi yangu ndiyo hiyo.

Basi jana ibada ilipoisha, Baba Mkubwa akaniita mbele. "Mwikali, huko Taiwani mnaabudu wafu. Piga magoti utubu, ama mimi sipokei mbuzi za mtu." Wei alikuwa benchi la nyuma akitabasamia kila mtu. Alidhani tunakaribishwa.

Nilijua nikipiga magoti yataisha. Watu wangeimba, wangenikumbatia, na Jumamosi ingekuwa salama. Lakini ningekuwa nimeapa uongo madhabahuni ili nionekane msafi.

"Baba Mkubwa," nikasema, "kule nilikataa kuinamia kitu nisichokiamini. Hata hapa nakataa."

Nikarudi kuketi. 

Alitufuata mpaka nyumbani. Mwaitu, yaani mama yangu, alikuwa ametutangulia kutoka kanisani. Alikuwa uani anapepeta maharagwe. Baba Mkubwa hakuketi. "Umelea mtoto mkaidi," akamwambia.

Mwaitu akaweka ungo chini.

"Tangu tuzike ndugu yako, umewahi kung'oa hata jani moja pale kwa kaburi yake?"

Baba Mkubwa akavua kofia, akaivaa tena.

"Mimi hung'oa kila mvua ikiisha. Na mimi nitubu?"

"Shemeji, hayo ni mambo mengine."

"Ni hayo hayo. Jumamosi ukuje ama usikuje, mbuzi zitaingia kwa hii boma. Nitapokea mwenyewe. Wenye kusema ati mwanamke hapokei ntheo, waseme wakiwa wameshiba nyama."

Baba Mkubwa aliondoka bila kunywa chai. Sijawahi kumwona akikataa chai. Mwaitu aliokota ungo wake akaendelea, lakini niliona akipepeta maharagwe ambayo tayari yalikuwa safi.

Nilimtafsiria Wei yote, hata yale ya kuumiza. Akauliza, "Kwa hivyo bado tunanunua mbuzi?"

Bado tunanunua. Tukitoka hapa saiba, kwenye kompyuta za kukodi ninapoandikia haya, tunapitia Kola, kwa mfugaji mmoja anayejulikana na Mwaitu, na tutachagua wanono.

Naogopa, sitaficha. Wazee wengine huenda wakamfuata Baba Mkubwa, na tukabaki na sufuria kubwa na wageni wachache. Yeye ndiye aliyenilipia kidato cha kwanza. Nampenda. Kumpenda si kumpigia magoti.

Jumamosi tutaweka kiti chake pale mbele, chenye mto. Akija ni chake, na nyama yake nitampelekea kwa mikono yangu miwili. Asipokuja, Mwaitu atakikalia.