Hema la Mtu Mmoja

Bukoba, 9 Februari 2026

Mama mpendwa,

Shikamoo. Habari za Kiseke? Kifua chako kinaendeleaje na ule moshi wa kukaangia samaki pale sokoni mwaloni? Mimi ni mzima. Naandika kwa sababu kwenye simu tuligombana mpaka salio likaisha, na neno langu sikulimaliza.

Safari iko palepale. Natembea kwa mguu kutoka huku Bukoba mpaka nyumbani Mwanza, nikifuata ziwa. Bosi amesema kazi ya kuongoza wageni wanaotembea atampa mtu aliyeipita njia hiyo mwenyewe, siyo aliyeisikia kwa watu. Nimechoka kukaa mapokezi nikiwapa wenzangu funguo za magari ya wageni.

Naomba unisaidie jambo moja. Huku mahema ninayoyaona ni ya harusi na misiba. Pale sokoni Mlango Mmoja, kwa Mashimba wa mitumba, huwa yanakuja ya Wazungu. Nitafutie la mtu mmoja. Lisizidi kilo moja na nusu, mama, tafadhali. Ndani liwe na chandarua, nje kifuniko cha mvua, na rangi iwe ya majani au ya udongo ili nisionekane kirahisi. Kila kilo inayozidi nitaibeba mgongoni safari nzima. Lipime kwenye mizani yako ya dagaa.

Binti yako,
Mina

*

Kiseke, Mwanza, 17 Februari 2026

Mwanangu Mina,

Pokea salamu zangu na za Mama Luhaga jirani yetu, anakusalimia sana. Kifua hakijambo, kinanisumbua asubuhi tu. Wewe je unakula? Nakujua ukiwa na mawazo unakunywa chai basi.

Nilikwenda kwa Mashimba na mizani yangu. Nikamwambia nataka hema la mtu mmoja, akacheka, akasema mama vipi, baba amekufukuza? Nikamwambia baba yuko kaburini mwaka wa saba, hema ni la binti yangu anataka kulala porini peke yake. Akaacha kucheka. Mina, hata muuza mitumba ameacha kucheka.

Sasa nikuulize mwanangu, kwa nini mtu mmoja? Anayelala peke yake ni aliyegombana na watu. Wewe umegombana na nani? Halafu unasema rangi ya majani usionekane. Wewe unamwogopa atakayekuona, mimi namwogopa atakayepita asikuone. Ukiugua humo ndani nani atajua kuna mtu?

Basi la mtu mmoja sikupata, yamekwisha. Nimekuletea hili la watu watatu, la rangi ya chungwa. Ni zito kidogo lakini imara. Kama kuna mwenzako hapo ofisini wa kukusindikiza, nafasi ipo. Nimechomeka na dagaa wa kukaanga, usiwagawe wote.

Mama yako

*

Bukoba, 25 Februari 2026

Mama,

Shikamoo. Mzigo nimeupokea, na dagaa wamekwisha siku hiyohiyo. Asante kwa kuhangaika juani.

Lakini mama, "zito kidogo"? Nimelipima kwa muuza maharage, kilo nne na nusu. Wewe unayemgombeza mteja kwa gramu hamsini! Hakuna wa kunisindikiza, na hata angekuwepo nisingemtaka. Nikienda na mtu, watasema yeye ndiye aliyenifikisha.

La kubadilisha sina, na masika yanakuja. Naondoka Jumapili na hilihili. Barua zako ziache kwa wakala wa basi Muleba, halafu Chato. Simu nitaizima kutunza chaji.

Binti yako,
Mina

*

Kiseke, 2 Machi 2026

Mwanangu Mina,

Jana huko njiani sijui kama ulisali, mimi nilisali mpaka Mama Luhaga akanigusa bega kwamba ibada imekwisha. Hujambo? Miguu je?

Usilale kwenye majani yaliyolala upande mmoja karibu na maji, hiyo ni njia ya kiboko, akirudi majini hapishi hema. Omba uani kwa watu. Sema mimi ni binti wa fulani wa Mwanza, watu watakupokea.

Sina raha Mina. Nikikunja turubai la dagaa nakuona wewe na lile zigo. Niandikie.

Mama yako

*

Muleba, 7 Machi 2026

Mama,

Shikamoo. Mimi nipo, namshukuru Mungu. Barua nimeikuta. Usiku wa kwanza nililala uani kwa mwalimu, watoto wake waliingia hemani wakakataa kutoka. Watatu kweli wanaenea.

Mabega yamechubuka, siwezi kufunga kamba ya begi bila kuuma meno. Jana nikaamua. Kile chandarua cha ndani pamoja na sakafu yake nimemwachia mama mmoja njiani, nimebaki na kifuniko cha nje na fito. Sasa nabeba nusu. Mvua haiingii. Mbu wapo, lakini najipaka mafuta na kujifunika kanga. Usiogope, natembea vizuri sasa!

Chato nitafika katikati ya mwezi.

Binti yako,
Mina

*

Kiseke, 10 Machi 2026

Mina,

Salamu baadaye. Umeacha chandarua? Mina, kando ya ziwa, masika haya? Rudi ukakichukue. Kama ni mbali panda pikipiki. Kama huyo mama amekwisha kukikata akafunikia vifaranga, nunua hata cha dukani ukining'inize. Siyo kwa ajili yangu.

Kuna neno nataka kukuambia kuhusu hema. Nimelianza mara mbili kwenye karatasi hii nimelifuta. Ukijibu nitakuambia.

Mama yako

*

Kiseke, Jumapili 22 Machi 2026

Mwanangu Mina, mayu, mama yangu,

Sijui nikusalimu vipi. Kama u mzima, nashukuru. Kama si mzima, mtu yeyote atakayefungua barua hii naomba anipigie, namba nimeiandika nyuma ya bahasha.

Simu yako haipatikani. Nilimpigia wakala wa Chato, akaniambia barua ya tarehe kumi bado ipo, hakuna aliyeijia. Tangu hapo chakula kwangu ni kama mchanga.

Hilo neno ni hili. Hema la mtu mmoja lilikuwepo. La kijani, dogo, nililipima kwenye mizani, kilo moja na robo. Nililinunua pamoja na lile kubwa, asije mtu mwingine akakununulia. Liko chini ya kitanda changu. Nilijua ukibeba zito utachoka utarudi, au utatafuta mwenzako. Sikujua utapunguza kwa kuacha chandarua. Nilifikiria mabega yako tu, mbu sikuwafikiria.

Juzi nililitoa nikalisimamisha uani, Mama Luhaga akaniuliza kama nyumba nimeipangisha. Nikalala humo. Nilitaka kujua ni kitu gani nilichokunyima. Mvua ilipiga mpaka alfajiri. Ukikaa kichwa kinagusa juu, ukigeuka unajisikia unavyogeuka. Lakini halikuvuja, na mbu nilimwona kwa nje amekaa kwenye wavu ananitazama. Mina, nililala usingizi. Nimeona aibu kwamba nililala.

Nalituma kesho na basi la Chato. Nimefunga juu kitambaa cha kitenge cha rangi ya chungwa. Ukitaka kifunge hemani watu waone wapi pa kukutafuta, usipotaka futia jasho. Ikifika Ijumaa sijasikia, nakwenda stendi Nyegezi, nakuja kukutafuta mwenyewe.

Mama yako

*

Chato, 25 Machi 2026

Mama,

Shikamoo. Usije. Nipo, na nimeomba barua hii ije kwako na dereva wa basi mwenyewe.

Nilipata malaria kabla ya kufika mjini. Siku ya pili sikuweza kutoka hemani, nilikuwa nasikia watu mbali kama redio. Dada mmoja anaitwa Selina, anaanika dagaa ufukweni, aliona hema la chungwa halifunguliwi mpaka jua limesimama. Akaja. Akanipeleka zahanati kwenye baiskeli ya mume wake. Nipo nyumbani kwake, natembea mpaka chooni na kurudi, leo nimetembea mpaka stendi.

Barua zako mbili nimezisoma pamoja. Ya pili niliisoma nimesimama, nikakaa chini palepale kwenye vumbi.

Umenidanganya mama. Rangi yako iliniokoa, na uzito wako uliniangusha, sijui nikushukuru au nifanye nini. Nisichokiweza ni hiki: ungesema "naogopa, usiende," tungegombana nikaenda na hema langu. Wewe ukakubali mdomoni ukanifungia mlango kwa mkono mwingine.

Hema dogo limefika. Nimelifungua mbele ya Selina. Vigingi vinatakiwa sita, vimefika vitano. Hata hapo, mama?

La chungwa nimemwachia Selina, analifunikia dagaa mvua ikija. Mimi naendelea Jumatatu. Njia nitaimaliza. Barua ya mwisho iache Sengerema. Nikivuka daraja la Busisi nitafika Kiseke, lakini ndani sitalala. Nitasimamisha hema uani, nilale humo mpaka hasira iishe. Usiniite ndani.

Mina

*

Kiseke, Jumatatu ya Pasaka, 6 Aprili 2026

Mwanangu Mina,

Marahaba. Nimeisoma barua yako, sikumwonyesha mtu. Ulichosema ni kweli. Naogopa. Hata sasa naogopa. Nimeliandika ili usidhani nimeacha.

Sitakuita ndani. Banda la kuku nimelihamishia kule kwa Mama Luhaga wasikuamshe. Mawe nimeyaokota, nimefagia mpaka kwenye mpapai. Ndoo ya maji itakuwa nje na sabuni. Chakula nitakiweka kizingitini nitarudi zangu.

Kigingi sikukificha. Nilikitafuta chini ya kitanda, nikafungua na magunia, wapi. Leo nafagia, fagio likakwama. Kipo ardhini, pale nilipokipigilia ile siku niliyolala humo. Nilifungasha nikilia nikakisahau.

Nimeshika kukivuta nikaacha. Kimeshika vizuri. Anzia hapo.

Mama yako