Bomba Jeusi la Mama Kaaya

Daraja Mbili, Arusha

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Nairudia hapa kwa kalamu maana ile ya kwenye simu juzi najua haikukufika. Nilisema "shikamoo" mara nne, nawe ukanijibu kwamba mvua bado. Ndiyo sababu nimeona niandike. Mguu unaendeleaje? Kifua cha Mama kimetulia? Karanga mmeshapanda, au Tabora bado ni vumbi tu? Mimi ni mzima, ila baridi ya huku chini ya Mlima Meru imenifanya ninunue sweta la mtumba.

Baba, nina shukrani zako, lakini kwanza nikusimulie.

Unajua kazi yangu ni kutafuta mabomba yanayovuja chini ya ardhi. Tunabandika vidude viwili vya kusikilizia kwenye bomba, kimoja upande wa juu wa mtaa, kingine upande wa chini. Maji yanayovuja hutoa mlio, na mlio hukimbia kwenye bomba pande zote mbili. Mashine hupima umefika wapi kwanza na umetangulia kwa muda gani, ndipo ituambie pa kuchimba. Ila lazima uiambie bomba ni la nini, kwa sababu sauti haina mwendo mmoja katika kila kitu. Hilo ulinionyesha wewe nikiwa mdogo, uliponiinamisha niweke sikio kwenye reli kazini kwako, nikaisikia nyundo ya mwenzako kabla mlio wake haujatufikia kupitia hewani.

Wiki tatu zilizopita tuliitwa mtaani kwetu hapa. Kuna mjane, Mama Kaaya, Mmeru wa Kikwe. Ukuta wa jiko lake ulikuwa unalowa kutoka chini, na mabomba ya majirani yamekauka. Siku ya kwanza tu alinifuata akasema, "Mwanangu, hapa bomba lilikatwa walipotengeneza barabara. Wakaweka lile jeusi la plastiki."

"Sawa bibi, tutaangalia," nikamjibu bila hata kumtazama. Ramani ilisema chuma. Nikaandika chuma.

Tulichimba mwisho wa chini wa mtaa, mbele ya fundi cherehani. Udongo mkavu. Tukapima tena, jibu lile lile. Tukachimba pembeni kidogo. Mkavu. Fundi cherehani akatucheka, "Mnatafuta maji au hazina aliyofukia Mjerumani?" Bosi wetu, Injinia Massawe, mama wa Kichaga asiyepaza sauti, akaniambia taratibu, "Hamisi, tukikosa mara ya tatu kazi hii wanapewa wengine. Na mashine unashika wewe."

Hapo ndipo maneno ya bibi yaliponirudia. Ningeweza kubadilisha chuma kuwa plastiki kwenye mashine kimyakimya, nani angejua? Lakini nilikukumbuka wewe, ulivyokwenda mwenyewe kwa mkuu wa stesheni kusema boliti iliyolegea uliisahau wewe. Nikasema, "Injinia, yule bibi aliniambia siku ya kwanza. Sikumsikiliza."

Akasema, "Kamwite. Na umwombe radhi kwanza."

Nilimkuta jikoni kwenye kigoda, anachambua maharage, mgongo kwenye ule ukuta. Nilimwomba radhi. Akajifuta mikono, akatoka nami hadi barabarani akatuonyesha. "Jeusi linaanzia kwenye ile koki ya juu, linaishia hapa, kona ya jiko langu."

Mimi siku zote nilidhani chuma hupitisha sauti upesi kwa sababu ni kizito. Injinia akasema hapana, uzito peke yake ungeichelewesha. Kinachoikimbiza ni ukakamavu. Kitu kikakamavu hakikubali kubonyea, kinausukuma mtikisiko mbele papo hapo. Plastiki inalegea na kutanuka kidogo, mlio unatambaa. Kumbe mlio ulichelewa kufika juu, mashine ikadhani umetoka mbali, huku chini. Tukaandika upya, plastiki kipande chake na chuma kipande chake. Jibu likaja: pale pale vinapoungana, kwenye kona ya jiko.

Baba, Injinia alikuwa bado anaweka alama kwa chokaa, mara ukuta wa jiko ukashuka. Uliporomoka wote kwa ndani, bati likafuata. Kigoda na sinia ya maharage vikafukiwa. Mama Kaaya alinishika mkono akasema tu, "Ningekuwa pale." Nikakaa chini palepale kwenye tope.

Uvujaji tuliukuta na kuuziba siku hiyohiyo. Jiko tumelijenga upya Jumamosi mbili, sisi mafundi na majirani, na fundi cherehani ndiye aliyebeba matofali kuliko wote. Kazini nimebakizwa. Kwenye ramani ya ofisi Injinia amefuta "chuma" akaandika "plastiki, kwa maelezo ya Mama Kaaya".

Asante, Baba. Ulinifundisha kusikiliza vyuma, na ulinifundisha kusema "ni mimi". La pili ndilo lililomtoa yule bibi jikoni.

Nisalimie Mama, mdogo wangu Zainabu na kidato chake cha tatu, Shangazi Mwanahawa muuza maandazi, na Mjomba Ramadhani aliyenisindikiza stendi siku ile naondoka. Mama Kaaya naye anakusalimu. Aliniuliza jina lako, na kila Jumapili analitaja kanisani kwake. Nilimwambia wewe ni Mwislamu. Akasema nisijali, Mungu hawezi kuchanganyikiwa.

Mwanao anayekukumbuka,
Hamisi