Supu ya Mama na Sufuria ya Pili

Mtaa wa Gia Hoi,
Hue.
9 Machi 1998

Mpendwa mdogo wangu Khoi,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye manyunyu yasiyojua kuchoka. U hali gani huko Buon Ma Thuot? Kile kikohozi cha vumbi la kahawa kimekuacha, au bado unajifanya mzima? Kazi ya matrekta ya watu inakupa nafasi ya kulala? Sisi huku hatujambo. Shemeji yako mgongo unamsumbua lakini anakula kama kawaida, kwa hiyo simwonei huruma sana. Mama naye anatembea, anasali, anagombana na kuku. Habari zake zinakuja.

Nakuandikia kwa jambo la mkeo. Usikunje uso, soma mpaka mwisho.

Baada ya mwaka mpya wa Tet, Baba Mkubwa Phuoc alipita kwa Mama bila taarifa. Akaingia jikoni, akachota supu kwa upawa, akaonja, akaitema uani. Supu ya Mama, Khoi. Ile ambayo watu wa mtaa walikuwa wakija na bakuli zao kuiomba. Akaenda mbele ya madhabahu akasema kwamba Mama amezeeka, na kama siku ya kumkumbuka Baba ukoo utalishwa kitu kama kile, atachukua picha ya Baba na chungu cha ubani akavitunze kwake. Mama alibaki anafuta vumbi kwenye picha, na wala haikuwa na vumbi. Unajua huongea na Baba kila asubuhi. Wakimchukulia picha ile atabaki na nani?

Mimi nikajiuliza, nani mwingine anaingia jikoni mle? Duyen wako. Tena mtu wa Ben Tre, watu wanaotia maji ya dafu hata kwenye machozi yao. Nikasema, huyu anamharibia Mama makusudi. Madhabahu yakihama, hakuna kitakachokufunga Hue, na yeye atakubeba kwao kusini. Nikazidi kumchunguza, na kila alichofanya kikanitia shaka. Akicheka, nashuku. Akinyamaza, nashuku zaidi.

Nikaanza kwenda pale bila kuaga. Siku moja Mama alikuwa kibarazani, nikafunua sufuria jikoni, nikaonja. Chungu, chumvi tupu, na machicha ya uduvi yanaogelea. Nikafunika, nikaenda kukaa mezani. Baadaye Duyen akaleta bakuli mezani. Khoi, ilikuwa supu safi, mchaichai unanukia, mafuta mekundu ya pilipili juu, nyama ya muundi laini na kipande cha mguu wa nguruwe kama tulivyolelewa. Nikamwuliza, "Wifi, hii supu imepona lini?"

"Ilikuwa haijatulia tu, wifi," akasema, macho chini. "Ongeza pilipili."

Haijatulia. Mimi nimezaliwa juu ya supu ile, halafu ananiambia haijatulia. Nikaondoka nikiwa na hakika kwamba anainunua kibandani na kutupakulia kama yake.

Nikaenda soko la Dong Ba kumwuliza Bi Lua anayeuza uduvi wa kuchachusha. Kabla sijafungua mdomo akanidaka yeye. "Nyinyi mmefungua mgahawa mkanificha? Mama yako kachukua uduvi asubuhi, mkwe wenu kaja tena mchana. Na mifupa kanunua pale kwa jirani, kapu zima. Kama mna biashara semeni, nije nile bure." Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka. Kama anainunua kibandani, mifupa ya nini?

Siku ya pili mchana nikamvizia pale sokoni, nikamfuata, naam, nilimfuata mke wa mdogo wangu kama askari kanzu, nimejifunika kofia ya majani mpaka puani. Hakwenda nyumbani. Alipenya uani kwa Bi Ngo, yule mjane jirani mwenye nguruwe. Nikahesabu pumzi zangu kidogo, nikaingia bila hodi.

Nilimkuta amechuchumaa mbele ya jiko la makaa, anaengua povu kwenye sufuria inayofanana na ya Mama mpaka kibonyeo. Nikamwambia, "Leo nimekukamata. Utaniambia unamfanyia nini mama yetu."

Hakushtuka hata. "Shusha sauti, wifi. Atasikia." Halafu akainuka, akanivutia kigoda.

Akanieleza. Tangu ile homa ya wakati wa mafuriko Mama hasikii harufu wala ladha. Unajua uduvi unavyofanywa: unakorogwa kwenye maji, unaachwa utulie, unamimina yale maji ya juu tu. Mama sasa anamimina na machicha yake, na kwa kuwa hasikii harufu, anadhani kasahau, anamimina tena. Duyen akaona aibu kumwambia. Kwa hiyo Mama anapika, Duyen naye anapika hapa, na Mama akienda kusali, sufuria zinabadilishana. Ile siku aliyokuja Baba Mkubwa, Duyen alichelewa kidogo tu. Supu ya Mama wanakula nguruwe wa Bi Ngo.

"Wamenenepa," Bi Ngo akadakia kutoka mlangoni, "lakini wanakunywa maji hao, usiombe."

Na kupika kule alijifunza kwa nani? Kwa Mama mwenyewe, ile miezi ya kwanza ya ndoa, wakati mimi nilikuwa nasema huyu msichana kazi yake kusimama tu nyuma ya watu jikoni.

Sikumwamini, Khoi. Wewe wanijua. Niliona hadithi imenyooka mno. Kesho yake nikaenda kwa Mama, nikamkuta anachambua ua la mgomba, kanipa mgongo. Nikachukua mtungi wa uduvi, nikaufungua taratibu nyuma ya kichwa chake. Harufu ile ingemgeuza maiti. Mama akaendelea kuchambua.

Halafu akasema, "Nhung, funika huo mtungi. Nimesikia kifuniko."

Nikafunika.

"Unanipima," akasema. "Umechelewa. Mimi mchaichai naufunga kwa uzi wa mwanzi. Ule ninaoukuta kwenye sufuria tukishakula umefungwa kwa jani lake lenyewe. Na mimi sijawahi kufunga hivyo."

Nikamwuliza kwa nini basi anajichosha kupika. Akasema asipopika, Duyen atajua kwamba amegundulika, ataona haya, na ukoo utajua kwamba mke wa Baba hawezi tena. "Mwache mtoto," akasema. "Anapika vizuri. Watu wanavyofumba macho wakiinywa, naona." Nililia pale pale juu ya maua ya mgomba, na Mama akanikaripia kwamba nayalowesha.

Kwa hiyo sasa mkeo kaniapisha nisimwambie Mama, na Mama kaniapisha nisimwambie mkeo. Wanapishana kibarazani kwa adabu, kila mmoja na kapu lake la mifupa lililofunikwa. Wa kumwambia nimebaki na wewe. Barua hii usimsomee mtu.

Tena nakushuku na wewe. Mwaka mpya uliniuliza kama Mama bado anapenda kunusa ubani. Nani anauliza swali kama lile? Kama ulijua lolote, ungetuambia. Na bado namshuku mkeo anatia maji ya dafu. Kuna utamu mle ambao Hue hatuna. Sitamwuliza.

Omba ruhusa, uje siku ya Baba. Baba Mkubwa atakaa mezani na upawa wake, ukoo wote utakuwa unamwangalia yeye. Wewe utaanza kula kabla yake. Ukimaliza bakuli, msifu Mama kwa sauti, mpaka watu wa uani wasikie. Mkeo usimtazame, Khoi. Ukimtazama tu, Mama atakuona, atajua nimekuambia.

Shemeji yako anakusalimu, anakuomba kahawa isiyo na mahindi ndani. Wanangu Tram na Hieu wanakukumbuka. Bi Ngo anasema nguruwe wake wanakusalimu pia. Mbingu ikulinde njia nzima ya milimani, na Baba akutangulie kila kona.

Ni mimi dada yako akupendaye, hata ninapokushuku,

Nhung