Noti Niliyomtuza Mavis Kell

Bredäng, Jumapili, Novemba 1984

Tangu alfajiri kunanyesha kitu kisichoamua kama ni mvua au theluji. Kutoka dirishani naona treni ikiingia stesheni, watu wanashuka wameinamisha vichwa. Miguu yangu imevimba, pumzi naipata kwa kuomba, na daktari ameshaniambia kwa upole wa Kiswidi kwamba moyo wangu umechoka. Sawa. Umefanya kazi.

Lakini leo nimeamka na furaha mbaya, ile ya mtoto aliyevunja kitu na hataki kuomba radhi.

Jana nilikwenda kumsikiliza Mavis Kell.

Mavis ni Mwingereza, mwimbaji wa nyimbo za vijana, ingawa vijana wenyewe wa wakati wake sasa wana vipara. Nilimjua London nilipopelekwa kusomea ualimu, mwanamke mzima niliyeacha mume na watoto wawili Tanga. Mama mwenye nyumba alikuwa na redio jikoni, na redio ile haikuchoka kumwimba Mavis. Alikuwa binti wa mji wa viwanda vya nguo, anafunga biskuti kwenye makasha, anatunga nyimbo wakati wa chakula cha mchana. Sauti yake kwa kipimo cha kwetu haikuwa nzuri. Ilikuwa na mkwaruzo kama mlango wa bati. Lakini maneno! Alisema mambo ambayo binti hayasemi, tena alisema kwa utulivu, kama anayeagiza chai.

Kwenye sahani ya santuri, jina la mtunzi lilikuwa la meneja wake.

Kila Mavis aliposema nyimbo ni zake, magazeti yalimcheka. Msichana mzuri hivi, ya nini kujisumbua kutunga? Nilisoma hayo kwenye meza ya jikoni na chai yangu ikapoa. Yalinichoma kwa sababu mimi nami nilikuwa na wimbo uliokwenda mjini kwa jina la mwanamume. Sijawahi kuliandika hilo popote. Leo naliandika.

Alipomwacha yule meneja, meneja akabaki na nyimbo na Mavis akabaki na mkwaruzo wake. Aliolewa, akaachika. Uingereza ikamsahau, Waswidi hawakumsahau. Nilipoletwa hapa na binti yangu Zuhura, baada ya kufiwa na mume, nikamkuta Mavis yupo: majira ya joto anaimba kwenye viwanja vya burudani, watu wanakula soseji mbele yake, majira ya baridi anaimba kwenye meli za Finland, kwa abiria waliofuata pombe ya bei nafuu. Mwaka huu gazeti limeandika kwamba amefilisika, na picha yake juu, amebeba mifuko miwili ya sokoni. Nililisoma kwa kamusi, neno kwa neno, nikalitupa.

Kisha nikaona tangazo kwamba ataimba mjini, ukumbi mdogo, jioni mapema. Nikamwambia Zuhura anunue tiketi mbili.

Mwanangu Hamisi, anayekaa Jordbro, alipiga simu kunizuia. "Mama, mtu wa swala tano, na fimbo mkononi, unakwenda dansini?"

"Siendi kucheza. Nakwenda kukaa."

"Na ukizidiwa huko?"

"Nitazidiwa nikiwa kwenye kiti kizuri."

Ukumbi ulijaa nusu. Waswidi walikaa kama wanafunzi kwenye mtihani, makoti mapajani. Mavis alitoka na wapigaji watatu. Amenenepa, nywele amezikata, na amevaa miwani bila kuona haya. Akaimba mbili tatu, tukapiga makofi ya adabu. Halafu akasogeza kipaza sauti akasema kwamba wimbo unaofuata kwenye santuri una jina la bwana mmoja. Yeye hayupo hapa, akasema, mimi nipo. Niliutunga nikiwa na miaka kumi na tisa, mikono inanuka siagi.

Akaanza.

Kwetu pwani, wimbo ukikupata hukai. Unanyanyuka, unakwenda mbele kwa mwendo wa ngoma, unamtuza mwimbaji: noti mkononi, au kwenye nywele, au kifuani. Ukumbi mzima unajua umeguswa, na adui yako akiwapo anajua maneno yamemwendea nani. Mimi sikuwa nimefanya hivyo tangu nilipoolewa. Mke wa mkaguzi wa shule hatuzi hadharani. Lakini jana miguu hii iliyovimba ilisimama kabla sijaiambia.

Mlinzi akanijia. "Lilla tant, lilla tant," ndivyo wanavyowabembeleza vikongwe hapa. Nikamwonyesha fimbo, akanipisha. Jukwaa lilikuwa la chini. Nikafika, nikatoa noti, nikaichomeka kwenye ukosi wa blauzi yake.

Ukumbi ukanyamaza. Hata mpiga gitaa aliacha.

Hapo ndipo nilipokumbuka lile gazeti.

Zuhura alikuwa amenifuata mbio, ananivuta mkono. "Mama! Wanadhani unampa sadaka!"

Mavis alikuwa amekuwa mwekundu mpaka shingoni. Aliniinamia, akasema kwa Kiingereza, taratibu, "Mpenzi, bado sijafika huko."

Jamani, aibu ina njia mbili. Unaweza kurudi ulikotoka, ukakaa kitini na kuangalia viatu mpaka mwisho. Nimeifuata njia hiyo maisha yangu yote na naijua kila jiwe. Jana nilikataa. Kipaza sauti kilikuwa kati yetu, nami Kiingereza nimekifundisha, sikukiokota.

Nikamwambia, "Kwetu anayepewa sadaka hushika bakuli. Mwimbaji hutuzwa. Maana yake, umenipata. Nami nakutuza mtunzi kwa mtunzi, kwa kuwa wimbo wangu pia ulipewa jina la mwanamume."

Ukumbi wote ulisikia. Zuhura alisikia. Mkono wake ukaacha kunivuta.

Mavis aliitoa ile noti, akaitazama, akairudisha palepale nilipoichomeka. Akawageukia wapigaji: "Kuanzia mwanzo." Na aliimba, wallahi, kama mtu anayedai nyumba yake. Mzee mmoja wa Kiswidi mwenye sweta ya kijani akasimama na noti yake, akafika mbele, akakosa pa kuiweka, mwisho akailaza sakafuni kwa heshima na kurudi mbio kukaa. Mavis alicheka hadi akakosa ubeti. Nani sasa aliyefilisika?

Kwenye treni Zuhura aliniwekea fimbo yangu pembeni. Halafu: "Wimbo gani, Mama?"

Nikamtajia ubeti wa kwanza kwa sauti ya chini.

*Mlango niloufunga, ufunguo sikutupa,*
*upepo ukiusonga, usidhani nakuepa.*

"Huo si wa Mzee Jumbe? Si umeimbwa kwenye harusi yangu!"

"Mzee Jumbe alipiga fidla. Maneno ni yangu. Mkewe alikuwa somo yangu, msiri wangu. Nilimsomea jikoni kwake, yeye akampelekea mumewe, na mumewe akauimba mji mzima."

"Baba alijua?"

Baba yake alikuwa akiuimba wimbo ule kila asubuhi akinyoa ndevu. Siku moja aliniambia, sabuni usoni, "Aliyetunga haya ni mwanamume aliyeonja. Angekuwa mwanamke, ningemwonea haya." Mimi nilikuwa nashona kifungo cha shati lake. Nilimaliza kukishona.

Zuhura aliposikia hayo alicheka hadi akatoa machozi, au alitoa machozi hadi akacheka. Sikumtazama sana.

Leo mchana Hamisi amekuja. Habari zilikuwa zimemfikia. Mwanafunzi mmoja wa Kiganda alikuwamo ukumbini, na kufika adhuhuri ilikuwa imeshasemwa Fittja yote, wanakokaa wenzetu. Hakukaa. Alisimama na koti lake linalodondosha maji kwenye zulia.

"Mama, tuseme ni dawa. Dawa za moyo zinachanganya watu, kila mtu atafahamu."

"Zimenichanganya lini?"

"Jumbe ni marehemu. Wanawe ni watu wetu."

"Nami karibu nitakuwa marehemu. Wanangu nao ni watu wetu."

Akashusha sauti, Zuhura asisikie jikoni. "Watu watauliza ulimtungia nani."

Kumbe ndilo hilo. Hakuogopa kina Jumbe. Ameogopa ufunguo.

"Acha waulize," nikamwambia.

Yeye mwenyewe hakuuliza. Akaninong'oneza tena: neno moja tu, Mama, sema ulichanganyikiwa, mambo yaishe. Nikamjibu kwamba nimewafundisha watoto wa watu kuandika majina yao juu ya kazi zao miaka yote, na aliyesahau nilimkata alama. Akanishika mkono akaubusu, kwa hasira, lakini aliubusu. Akaenda zake Jordbro.

Basi nikiri hapa, kwa kuwa sitakiri mbele ya Hamisi asipouliza. Alikuwapo mtu. Alinichumbia kabla ya baba yao, nami nilimkataa kwa sababu nyumbani walimkataa. Hapakuwa na la zaidi. Akahama, na mimi nikaolewa, na mume wangu nilimpenda kama unavyoipenda nyumba isiyovuja. Wimbo niliutunga mwaka wa pili wa ndoa, nikiwa na mimba ya Hamisi, na sikuona siku ile, wala sioni leo, kwamba nimemwibia mtu yeyote chochote. Nikiulizwa na malaika nitawajibu hivihivi, na kama wanapenda vina nitawaimbia.

Sijutii kuutunga. Najutia kushona kile kifungo kimya.

Zuhura ameingia sasa hivi na uji. Ameukalia ukingo wa kitanda akanitazama kama mgeni anayevutia.

"Zipo nyingine?" akauliza.

"Zipo."

"Zilizoimbwa?"

"Mbili. Hata wewe unazijua."

"Mama, wewe!" Kisha akakoroga uji wangu. "Kuna mtu anaondoka Ijumaa kwenda Tanga. Anabeba kaseti za watu."

Hapa ndivyo tunavyopeleka salamu nyumbani: mtu hukaa mbele ya redio, akabonyeza kitufe, akaongea na ukoo mzima kama wamo chumbani. Kaseti ikifika huko husikilizwa na majirani wote, hata asiyetajwa.

Nimemuuliza kama Hamisi atakasirika.

"Atakasirika," amesema. "Kunywa uji."

Sauti yangu imekwisha. Mavis naye alikuwa na mkwaruzo, na hakungoja uondoke. Kesho Zuhura akitoka kazini ataleta kaseti tupu. Nitabonyeza mwenyewe. Nitasema: mimi ni Salma binti Omari. Nitavuta pumzi, maana nitaihitaji, na nitaimba nyimbo zote tatu mpaka mwisho.