Kanda ya Mkesha wa Juhannus

Kuhmo, 9 Januari 2006

Mwanangu Marketta,

Salamu nyingi. Natumaini u mzima huko Tampere. Mimi sijambo, isipokuwa macho. Daktari anasema la kulia ndiyo basi tena, na la kushoto huenda lisifike kiangazi.

Nakutumia kanda zetu zote za video. Deki imekufa, na fundi akanicheka: "Mzee, siku hizi ni diski tu." Wewe una kompyuta, zihamishe. Anza na ile ya sikukuu ya Juni, mkesha wa Juhannus kwenye kibanda cha ziwani, kiangazi cha mwisho cha mama yako. Nataka kumwona Helvi kabla giza halijaingia.

Jirani yetu Reijo anakusalimu. Kahawa yake bado hainyweki.

Baba yako,
Taisto

Tampere, 20 Januari

Shikamoo baba,

Mzigo umefika salama, nami ni mzima. Nimeazima deki kazini, nimeiunganisha na kompyuta. Kazi hii haina njia ya mkato: kanda ya saa mbili inacheza saa mbili, nami nakaa hapo kama mlinzi. Harusi ya shangazi Aili tayari iko kwenye diski. Baba, unacheza dansi kama ndama juu ya barafu!

Lakini ile ya Juhannus imeota ukungu. Nimeipangusa nilipoweza kufika, ila deki ikiitafuna, imekwisha, hatuna nyingine. Niicheze au niiache? Sema wewe.

Binti yako,
Marketta

Kuhmo, 25 Januari

Mwanangu,

Icheze. Kanda isiyochezwa itamfaa nini kipofu? Jana nilimimina maziwa pembeni ya kikombe. Fanya haraka.

Baba

Tampere, 2 Februari

Baba,

Leo sikuamkii.

Nimeicheza. Picha ilipotea mara mbili, ikarudi. Mama anaosha viazi, wewe unampiga picha, naye anakugeukia: "Zima hilo dude, Taisto. Na Marketta asijue kitu mpaka amalize mitihani. Niapie." Nawe ukajibu, "Naapa."

Nikazima hapo hapo.

Mitihani ya vuli! Juhannus mlishajua kwamba mama anakufa, mkaniacha kiangazi kizima nauza aiskrimu mjini, nikidhani anaumwa mgongo tu. Siku mliyoniita nilimkuta hajui mimi ni nani. Umeninyang'anya mama yangu angali hai. Diski sikuletei. Usinipigie simu.

Marketta

Kuhmo, 8 Februari

Mwanangu,

Natumaini u mzima. Nimeandika kwa kalamu nene ili niuone mstari.

Ni kweli. Ningesema, ningemvunjia yeye kiapo. Kwa kunyamaza nikakudhulumu wewe. Nilimchagua yeye, maana wewe ulikuwa na miaka mingi mbele ya kunikasirikia, yeye hakuwa nayo.

Diski siidai. Ila kanda usiitupe, nakuomba.

Baba yako

Tampere, 15 Machi

Shikamoo baba,

Naomba barua hii ikukute bado unaona.

Wiki zote hizi sikuigusa ile kanda. Juzi nikaona uoga gani huu, nikaiwasha tangu mwanzo, nikapita pale nilipozima. Kumbe kamera uliiweka mezani bila kuizima. Kinachoonekana ni sufuria na kona ya meza, lakini sauti ipo yote.

"Helvi, huyo ni mtoto wako. Mwache aje."

"Nimesema hapana."

"Atanichukia mimi, si wewe."

"Najua. Utavumilia."

Kisha mtu akaanza kulia, na si mama.

Kwa nini hukuniambia kwamba ulimbembeleza? Nimekutukana, nawe ukaniandikia kuhusu kalamu nene!

Mwishoni deki ikaanza kuitafuna kanda. Nikaichomoa kwa nguvu, ikakatika mikononi mwangu. Lakini kompyuta ilikuwa imeshanasa kila kitu, na diski iko tayari. Sijaondoa hata neno moja.

Nakuja nayo mwenyewe Ijumaa ya wiki ijayo, treni mpaka Kajaani, halafu basi. Usije kunipokea, njia zina barafu. Nisubiri ndani. Na hilo jicho liambie linisubiri.

Binti yako,
Marketta

Kuhmo, 19 Machi

Mwanangu,

Mwandiko huu ni wa Reijo. Jicho la kushoto lilizimika wiki iliyopita, asubuhi, nikiwa navaa soksi.

Barua yako amenisomea mara mbili. Ya pili ilimshinda, mzee mzima, nikamfukuza nje akavute sigara yake.

Hayo ya kumbembeleza nilikuwa nimeyasahau. Kilichonibaki kichwani ni kiapo tu. Miaka yote nilidhani nilikubali mara moja.

Njoo na diski hivyo hivyo. Sauti yake nitaisikia mwenyewe. Wewe kaa karibu nami, uniambie amevaa nini.

Baba yako