Mahindi ya Jana Jioni

Kyumbi, Jumamosi 14 Machi 1998

Mama Mbithi,

Nimefurahi kusikia Masii mvua imenyesha. Mimi namtembeza farasi tangu alfajiri, tumbo linamsokota, naandika kila anaposimama kulitazama. Jana mwenye farasi aliagiza nimwongezee nusu debe la mahindi, apate nguvu za mbio za kesho. Nikakataa. Nilimwambia vitabu vinasema nguvu ya farasi huanzia kwenye nyasi, nafaka hupewa kidogo kidogo.

"Musyoka, hivyo vitabu vyako vimeshinda mbio gani?"

Akayamwaga mahindi horini mwenyewe.

Daktari hajafika. Farasi akifa nitalaumiwa mimi, kwa sababu kulisha ni kazi yangu. Barua hii usiwashie jiko kama zile zingine. Ifiche. Shahidi mwingine ni farasi, naye ameanza kupiga magoti.

Baba Mbithi