Kikopo cha Ugoro cha Mama

Jumapili, jioni. Mvua imekatika tangu adhuhuri lakini Kipawa yote bado ni matope. Nimerudi kutoka Ukonga na sina hamu ya kula. Nimemwambia mjukuu wangu Zuhura kuwa nimeshiba, naye hajaniamini.

Yeye ndiye aliyenianzishia haya. Anasomea ufamasia, na Alhamisi alikuwa akinieleza habari za tumbaku. Kumbe ubongo una vipokezi, vijilango ambavyo nikotini huvibishia hodi, na hapo hali ya moyo wa mtu huguswa. Aliyezoea miaka mingi, vijilango hivyo humwongezekea. Ukimkatia ghafla, vyote vinabaki vikidai. Mtu huingiwa na huzuni asiyojua imetoka wapi, hasa kama alikuwa na huzuni yake tangu awali.

Nilimuuliza huzuni hiyo inaonekanaje. Akasema wengine hukasirika ovyo, wengine hunyamaza tu.

Tangu siku hiyo sina raha.

Enzi za Ujamaa tulikaa Temeke, mimi, mke wangu na mama. Baba alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Mimi kijana wa kiwandani, nimechaguliwa balozi wa nyumba kumi, kichwa kimenivimba. Nilipita nyumba kwa nyumba nikikagua vyoo na kuhimiza usafi. Nikirudi kwangu namkuta mama barazani na shoga yake Bi Somoe, wanabwia ugoro, wanatema kando ya ukuta, wanacheka mpaka machozi. Watu wakanitania: balozi, si uanze na kwako?

Nikaanza na kwangu. Nilichukua kikopo cha mama nikakitumbukiza chooni, Bi Somoe akiwa hapo hapo. Mama hakubisha. Alisema, "Haya, mwanangu."

Haikupita wiki mbili mama akawa mtu mwingine. Hakugombana tena na mke wangu, hakucheka, hakutoka tena kukaa barazani. Alilala kauelekea ukuta, uji unapoa pembeni. Na mimi, mjinga wa kutupwa, nikafurahi! Niliwaambia watu mkutanoni kuwa mama ametulia, amekubali mambo ya kisasa. Wakanipigia makofi.

Miezi ikapita, mama akakonda. Ndipo tukaanza kutafuta mchawi, na mchawi wa karibu alikuwa Bi Somoe. Mke wangu alikuwa amemwona jioni akinong'ona kwenye dirisha la mama. Nikampiga marufuku kukanyaga kwangu, na mtaa mzima ukajua kwa nini. Hakukaa sana, akahamia Ukonga. Mama tulimrudisha kwao Newala, akafia huko kabla ya mavuno.

Nilimchukia mwanamke yule miaka yote hii.

Leo nimekwenda kumwomba radhi. Sasa ni kikongwe, macho yamefifia, lakini ulimi uko palepale. Nilipompa shikamoo akaitambua sauti. "Marahaba, balozi. Umekuja kukagua choo?"

Nilicheka, kisha nikalia mbele yake bila haya. Nikamweleza aliyonifundisha Zuhura, nikakiri kuwa nilimzushia. Radhi alinipa. Wenye roho kama yake ni wachache. Basi nikapata nguvu ya kumuuliza alikuwa akifuata nini dirishani kwetu.

"Nilikuwa namletea ugoro. Nimemfungia kwenye karatasi, kidogo tu, apooze roho. Kila nikija anaurudisha. Anasema, Somoe wangu, mwanangu ndo balozi, watu wakijua nabwia kwa siri watamcheka."

Niliaga nikaondoka.

Jioni hii Zuhura amenifariji kwamba huenda ugoro peke yake usingemtosha mama, kwamba msiba wa baba ulikuwa bado mbichi na tumbaku ilikuwa inaufunika tu, na tumbaku nayo ina madhara yake. Siku hizi, anasema, mtu kama huyo husaidiwa taratibu, na huulizwa anavyojisikia. Ni kweli, najua. Lakini mama alikuwa anazama, na katika kuzama kwake bado ananitunzia jina mimi.

Kila asubuhi nilipita mlangoni kwake nikienda kukagua nyumba za watu. Nilishindwa nini kuingia siku moja tu, nikaketi kitandani nikamuuliza, mama, una nini?